Mguu wa Kigango Nilioukata kwa Msumeno

Kwa wasomaji wote wa ukurasa huu, salamu na heshima. Mimi ni mwanamume wa makamo, umri wangu wapata miaka arobaini na miwili, mkazi wa Kisauni, Mkristo, mume wa mke mmoja na baba wa watoto watatu. Bwana mhariri ameridhia kulificha jina langu, nami namshukuru sana, kwa kuwa haya niyaandikayo hata mke wangu hayajui yote.

Tangu ujana nimependelea vitu vya kale. Sikufundishwa na mtu. Nimejifunza kwa macho na kwa vidole. Nikiletewa kasha, kwanza hulipindua nikatazama chini, maana mwenye kughushi huupamba uso akasahau tako. Wakati huu wa vita, mabaharia washukao melini wamekwisha kuuziwa madele mengi ya kahawa yaliyofukiwa samadini ili yaote kutu. Mimi sijapata kudanganywa, na jambo hilo lilinitia kiburi.

Mwaka uliopita alinijia mtu mwenye habari za kigango, yaani ule mti wa kuchongwa ambao Wagiriama humsimamishia marehemu wao mwenye cheo. Mimi nimelelewa misheni, na mambo hayo niliyajua kwa kusikia tu. Nikamwuliza, "Wenyewe wako wapi?"

Akacheka. "Wenyewe gani, mzee? Walihama zamani. Pale hata kuku hapana."

Sikuliamini neno lake. Nikafuatana naye hadi ng'ambo ya Mtwapa, nikaona kwa macho yangu kiwanja kilichomezwa na magugu, mashimo ya nguzo za nyumba, na jiwe la kusagia lililopasuka. Nikaridhika ya kuwa kitu kile hakina mwenyewe, nikakinunua kwa mtu yule kwa moyo mweupe.

Nilipokifikisha nyumbani niliona sehemu ya chini, iliyokuwa ardhini, imeingiwa na mchwa. Nikachelea wasihamie kwenye makasha yangu. Nikatwaa msumeno nikaikata sehemu ile yote, kiasi cha urefu wa mkono, kisha nikakisimamisha kigango pembeni mwa sebule katika kitako cha saruji. Mke wangu, ambaye ni Mgiriama lakini naye kalelewa misheni, alikitazama akasema, "Baba watoto, umetuletea mgeni asiyekula wala kulala." Tukacheka sote.

Mama mkwe wangu, kwa heshima ya kwao, hakai sebuleni kwa mkwewe wa kiume. Kila ajapo hupitia uani akaishia jikoni, na kwa hiyo ilipita miezi asikione. Siku moja mtoto wetu mdogo alishikwa na homa, mama yake yuko kisimani, na kilio kikamfanya bibi yake, aliyekuwa jikoni, aingie ndani. Nami niliporudi kazini nilimkuta ameketi sakafuni mbele ya kigango, kitambaa cha kichwa kimo mkononi, mtoto amelala mapajani.

"Mwanangu, huyu umemtoa wapi?"

"Nilikinunua, mama. Kilikuwa kwenye mahame, hakina mwenyewe."

"Mahame! Sisi tukihama, yeye hahami. Huachwa pale pale aliposimamishwa, hata pawe msitu. Mikato hii ya begani aliichonga kaka yangu, nami nikimshikia mti. Huyu ni baba yangu."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza! Ule ukiwa niliokwenda kuuhakikisha kwa busara yangu yote haukuwa ushahidi wa kitu. Nilikuwa nimeuliza umri wa mti, nikauliza na wenyeji walipo. Sikuuliza kwa nini wameuacha.

Mama mkwe hana afya, na neno lake ni moja: amwone baba yake amesimama mahali pake kabla hajafa. Mke wangu amemfuata kwao pamoja na watoto. Alipokuwa akifunga mizigo aliniambia, "Babu akirudi, nasi tutarudi." Wazee wa ukoo watakuja kumchukua mavuno yakiisha. Hakuna ajuaye kuwa mguu haupo, maana saruji imeficha.

Nikamwendea seremala, rafiki yangu, nikamweleza.

"Yakhe, wataka kufa kwa kitu kidogo?" akasema. "Nitaunga mguu mpya wa mti wa muhuhu, niupake tope na samadi. Utakuwa chini ya mchanga. Nani atafukua?"

"Mimi ningeugundua."

"Wewe safari hii si mnunuzi! Basi niletee kile kipande ulichokata, nikirudishe chenyewe."

Kipande kile nilikitupa uani karibu na kuni. Mke wangu alikipasua akapikia wali, na mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, aliula wali huo kule jikoni, akasifu moto wake kuwa hauna moshi.

Enyi wasomaji, nikisema kweli, mama huyu atakufa akijua alichokula na kilichokipika, na mke wangu sidhani kama atanirudia. Nikinyamaza, atapiga magoti azungumze na baba yake juu ya mguu wa kughushi, nami nitakuwa nimesimama nyuma yake, nikiujua. Mavuno yamekwisha kuanza. Nawasihi mnishauri upesi: niseme, au niunge?