Fimbo ya Bi Tapsell

Msiniletee habari za kusamehe. Nilikuwa mchochea makaa kwenye treni ya mwisho kutoka Cobley, nikayaona kwa macho yangu aliyoyatenda Bi Tapsell, na nayaunga mkono mpaka leo.

Winifred Tapsell alikuwa mjane mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Stesheni ya Cobley aliiendesha peke yake miaka kumi na tisa: tiketi, taa, ishara, hata maua ya jukwaani. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa fimbo. Kutoka Cobley hadi Harrop reli ilikuwa moja tu, na treni mbili zikikutana humo ni maiti tupu. Kwa hiyo kulikuwa na fimbo moja, ya mti, yenye pete ya shaba, na dereva asiyekabidhiwa fimbo ile haondoki, hata awe amepakia maaskofu peke yao.

Sasa akaja huyo Cutforth, katumwa na makao makuu ahesabu abiria, ijulikane kama njia yetu ifungwe au ibaki. Akaja wiki gani? Wiki ambayo shule zimefungwa, na gulio la Harrop limepigwa marufuku kwa ugonjwa wa midomo na miguu wa ng'ombe! Nani angesafiri? Bi Tapsell akampelekea chai.

"Bwana, rudi Alhamisi gulio likifunguliwa. Utakosa pa kusimama."

"Mama, mimi nahesabu vichwa, sihesabu hadithi."

Chai akaiacha ikapoa. Akaandika: abiria wanne kwa siku. Na huyo wa nne alikuwa yeye mwenyewe, mshenzi yule!

Kwa wanne hao tukafungiwa njia. Kisha Cutforth akamwambia Bi Tapsell kwamba akitulia bila kelele, atapewa kazi ya kukata tiketi Harrop, na chumba cha kulala. Bi Tapsell akaitikia, "Ahsante, bwana." Nilimsikia, nikaudhika. Kumbe mwenzangu ana lake moyoni.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, saa tisa alasiri. Watu walimiminika kutoka kila shamba, wakajaza mabehewa manne mpaka milangoni. Cutforth alikaa daraja la kwanza. Alikuwa anawahi treni ya haraka ya London pale Harrop, wakubwa wake wamemwandalia karamu ya kupandishwa cheo. Tulijua kwa sababu alimwambia kila mtu.

Dereva wangu, mzee Jabez Orme, akapuliza filimbi. Nikatoa mkono nipokee fimbo. Bi Tapsell kaibana kwapani.

"Bi Tapsell, tunachelewa."

"Chelewa, mwanangu."

Cutforth akashuka mbio. "Kuna nini hapa?"

"Kuna abiria, bwana. Sijui ni wangapi. Fundi wa kuhesabu ni wewe."

"Mpe dereva fimbo sasa hivi!"

"Nitampa. Anza na behewa la nyuma."

Akamgeukia Jabez. "Orme, ondoa treni!"

Jabez akatoa kiko mdomoni. "Bila fimbo? Sheria mliiandika nyinyi, bwana."

Cutforth akamsogelea mama wa watu mpaka pua kwa pua. "Kazi ya Harrop unaitaka au huitaki?"

Bi Tapsell akaikaza fimbo kwapani. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya stesheni, na zaidi ya kazi ile hakuwa na kitu.

"Behewa la nyuma," akasema.

Cutforth akahesabu! Watu wakamzomea dirisha hadi dirisha. "Paza sauti!" "Wee, mtoto wangu umemruka, rudi!" "Na bibi yangu je, si kichwa?" Jasho likamtoka, kola ikalowa. Mia mbili themanini na sita. Bi Tapsell akamletea daftari la stesheni, akamwandikisha idadi hiyo na jina lake chini. Ndipo akaniinulia fimbo.

Tulipofika Harrop, treni ya London ilikuwa imeshaondoka. Tulimwacha Cutforth kwenye benchi, kofia magotini. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na sioni haya kusema.

Njia haikuokoka. Kiangazi hicho waling'oa reli, leo ni upupu mtupu. Bi Tapsell alipata barua Jumanne baada ya safari ile: kazi hakuna, nyumba ahame. Akahamia chumba cha uani kwa dada yake, akawa mwosha vyombo shuleni.

Mwaka uliofuata nilimkuta huko jikoni, mikono imechubuka. Nikamuuliza kama anajuta.

Alisugua sufuria kwa muda mrefu. "Nyumba yangu naililia kila siku, Bert. Kila siku." Akaiweka sufuria chini. "Lakini alipofika mia mbili, uliuona uso wake?"

"Niliuona."

"Basi nisimulie tena. Taratibu."

Nikavuta kiti, nikamsimulia.