Wivu wa radio call: Kemondo walivyonimalizia hewa kila asubuhi

Wakuu habari za humu. Wakubwa shikamooni, vijana mambo vipi.

Haya yalinipata mwenyewe. Chumvi sijatia, na mtu wa Muleba wa umri wangu atakayesoma atajua nasema ukweli.

Nimepanga Kashai, hapa Bukoba, nyumba ya wapangaji, WiFi moja. Kuna dogo alikuwa anashusha movie usiku kucha, sisi wengine tunazungusha kiduara tu. Juzi fundi kaja, kaset router kila mtu apate fungu lake.

Nikakumbuka mbali.

Baada ya vita, ile miaka ukimwi tunauita Juliana, nilikuwa opareta wa radio call kwenye zahanati ya Ijumbi, kule Muleba. Simu hakuna. Vituo vyote tulitumia channel moja, na kila asubuhi Bukoba anaita kimoja kimoja. Akiongea mmoja wengine mnasubiri. Mkibonyeza wawili kwa pamoja, ni makelele tu.

Opareta wa Bukoba alikuwa Adela. Wakuu, ile sauti! Nilikuwa nampenda, na nafasi ya kumwambia ilikuwa hiyo zamu yangu tu.

Sasa Kemondo kulikuwa na jamaa anaitwa Deusi. Kemondo wanaitwa kabla yetu. Huyu bwana alikuwa anaanza hivi: "Bukoba, leo tuna msiba. Ova."

Kwetu kijiji kikiwa na msiba, hakuna anayeshika jembe mpaka marehemu azikwe. Tukaipeleka desturi hiyo hadi kwenye radio. Mfiwa hakatizwi. Atasema nani kafa, mtoto wa nani, anazikwa wapi, na kila kituo kitampa pole. Na miaka ile misiba haikukauka.

Adela anamjibu taratibu, "Pole waitu, ndugu yetu, pole sana." Deusi anaendelea. Mimi Ijumbi nimeshika mic, roho inaniuma. Zamu yangu ikifika muda umeisha, naambiwa nitaje dawa zilizopungua, basi.

Nilimchukia yule mtu. Nikawa najiuliza ana shangazi wangapi, mbona hawaishi? Nikamwomba Adela siku moja moja aanzie Ijumbi. Akakubali. Kesho yake kaniita wa kwanza, nimefungua mdomo tu, Deusi kaingia: msiba. Nikaachia kitufe. Ningefanya nini?

Nilimwonea wivu hadi wafu wake. Nacheka sasa, lakini nilikuwa naumwa kabisa.

Halafu kaka yangu Kalisti akafariki. Alikuwa amekonda muda mrefu, tunajua, hatusemi.

Asubuhi nikaenda kazini kutuma taarifa. Adela alipoanza tu kuita nikabonyeza. "Bukoba, Ijumbi tuna msiba. Ni kaka yangu. Ova."

Adela akasema, "Sema waitu. Wote tunakusikiliza, hakuna anayekuharakisha. Ova."

Channel nzima yangu! Vituo vyote vimenyamaza kwa ajili yangu, na Deusi mmojawapo. Maneno niliyomwandalia Adela nilikuwa nayo kichwani, hata jina la Kalisti lilikuwa mdomoni. Nikabonyeza, halikutoka hata moja.

Na kidole sikukiachia. Wanaojua radio call wananielewa: ukishikilia kitufe, wengine wanasikia pumzi zako tu. Nililia hapo hapo, hewani.

Nilipoachia, sauti ya kwanza ilikuwa ya Deusi. "Ndugu yangu Ijumbi, pole. Mimi nimezika wadogo zangu wote, nyumbani sina wa kuongea naye. Kesho nakuachia zamu yangu. Ova."

Kesho yake kweli akaniachia. Nikataja dawa zilizopungua, nikafunga.

Adela aliolewa Kemondo. Naam, na huyo huyo. Nikiwakuta sokoni wanabishana bei ya senene wivu unanikaba vilevile, msinidanganye eti mtu anazeeka unapungua.

Nilichojifunza: kugawana sawa ni vizuri, ila kabla hujamnunia anayekula hewa muulize kwanza kwa nini hanyamazi.

Hilo fungu la fundi ni zuri, wapangaji wanashangilia. Langu halijawahi kuisha. Sina wa kumpigia.

Nyie kwenu mnagawanaje? Hewa ni yenu wakuu, semeni, leo sikatizi mtu. Ova.