Ukuta Aliougonga Mama Mkwe

Nyumba ile niliichora mwenyewe kwa mpini wa jembe, juu ya udongo mkavu wa kijiji chetu cha Murukulazo, karibu na mpaka wa Burundi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nilikuwa nimechoka. Mwaka wa pili ulikuwa unakwisha tangu wakimbizi wavuke mpaka. Darasa lilijaa hadi madirishani, miti ya kilimani ilikuwa imeishia mafigani, na kupata mbao za mlango mmoja ilinibidi nidandie lori hadi Biharamulo, nirudi kesho yake nimejaa vumbi. Kwa hiyo milango sikuipanga kwa mzaha.

Sebule niliiweka katikati, chumba chetu kulia, cha watoto kushoto, na nyuma ya sebule chumba cha mama mkwe. Yeye alikuwa amekimbia kutoka Burundi, akakaa kambini miezi kadhaa, kisha mke wangu akamleta nyumbani. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mke wangu alitaka mlango wa mama yake ufungukie sebuleni, ili amsikie akikohoa. Mimi nikakataa. Mlango huo ungetazamana na wa chumba chetu, na kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja hupinda hata kama ni kuingia migombani. Sasa mimi nitokeje asubuhi na fulana iliyotoboka, nimkute ameketi mbele yangu?

Fundi, mzee aliyejenga nyumba nyingi za kata yetu, aliniunga mkono. Alisema bati likivuja huzibwa, lakini mlango ukikosewa utaishi nao. Nikaufuta ule mstari kwa mguu, nikachora mlango upande wa nje, kuelekea jikoni. Mke wangu aliutazama, akasema sawa. Ilikuwa sawa ya mtu aliyechoka kubishana, nami nilikuwa nimechoka mno kuijali.

Tukahamia, mvua zikaanza. Kila jioni mke wangu alijifunika gunia, akabeba bakuli la uji, akaizunguka nyumba nzima kumfuata mtu aliyelala nyuma tu ya ukuta wa sebule yetu. Alirudi na matope hadi magotini. Hakulalamika, na hilo liliniudhi kuliko kama angelalamika. Mama mkwe naye alitimiza yake. Akinisikia napita uani, alijifunika kanga usoni na kugeukia ukutani. Nikajisemea, unaona, mpango umefaa.

Siku moja ya mgawo, mke wangu alikwenda kambini kuchukua chakula cha mama yake, maana jina lake lilikuwa bado kwenye orodha ya kule. Mchana mvua ikashuka. Nilikuwa sebuleni nasahihisha madaftari niliposikia ukuta unagongwa. Mara tatu, kisha kimya. Halafu mara tatu tena, chini zaidi, karibu na sakafu.

Nikatoka mbio, nikaizunguka nyumba, nikasimama mlangoni pake na kukohoa. Nikauliza kuna nini. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba ameanguka, hawezi kuinuka. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya komeo. Sikulifungua. Nilikimbia kumtafuta mke wa jirani, kumbe yuko bondeni, amejikinga mvua kwenye kibanda cha shamba. Tuliporudi, maji yalikuwa yamepita chini ya mlango, na mama mkwe alikuwa amelala humo, anatetemeka, mguu umevimba.

Alipona, ingawa tangu hapo alitembea kwa fimbo. Niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi. Jumapili, baada ya misa, nilisimama nje ya mlango wa mama mkwe, nikageuza uso kama inavyotakiwa, nikamwomba radhi. Nikamweleza kwamba nilitaka kumlindia heshima yake.

"Mkwe wangu," akasema kutoka ndani, "mimi nimelala chini ya turubai moja na wanaume nisiowajua. Nimeoga wakiniona. Hiyo haya unayonilindia niliiacha kambini. Hapa najifunika kwa ajili yako, maana niliona wewe bado unayo."

Nilikwenda nikachukua sururu, nikautoboa ukuta wa sebule palepale alipokuwa akigonga. Fundi alipita, akatazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mlango wake wa nje niliuacha, awe na njia ya jikoni. Mbao za mlango mwingine hazikupatikana, na nguvu za kuzifuata Biharamulo sikuwa nazo tena. Nikaung'oa mlango wa chumba chetu, nikamwekea yeye, awe na cha kufunga akipenda. Sisi tukabaki na pazia la kitenge mpaka wakimbizi walipoondoka.

Asubuhi ya kwanza baada ya kuutoboa ukuta nilitoka nyuma ya pazia na fulana yangu ileile. Alikuwa ameketi mkekani sebuleni, mguu ameunyoosha, anachambua maharage. Nikamwamkia. Akaweka ungo chini, akavuta kanga akajifunika uso, akaitikia marahaba, akangoja nipite.