Kugawa Nguo za Dada

Dada yangu alikuwa anauza mitumba sokoni Tukuyu, tangu ile miaka nguo za nje ziliporuhusiwa na watu wakaacha kupangia khanga foleni. Alikuwa na jicho, jamani. Belo likifunguliwa, kizuri chake anakiweka pembeni kabla mteja hajainama. Ndiyo maana chumba chake cha kupanga pale Bulyaga kilikuwa na kabati lisilofungika: magauni, masweta, makoti ya mvua, vyote vimepigwa pasi ya mkaa, maana kwa mvua zetu hizi nguo usipoiangalia inakuotea ukungu mwilini.

Alipokufa alikuwa amebaki mifupa. Waombolezaji walisema ni kifua, kisha wakaangaliana. Ukimwi hakuna aliyeutaja.

Siku ya kuanua matanga, nyumbani kwa mama kule Kisiba, nilizileta nguo zote nikazipanga kwenye mkeka. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa ndugu. Si kwa sababu ya shida. Ni ili mtu akipita barabarani na lile koti, watu waseme lile lilikuwa la fulani, na jina lake lizidi kutajwa. Mama alikaa mlangoni akingoja hilo tu. Msiba mzima hakuomba kitu kingine.

Nilianza na shangazi, kwa kuwa ndiye mkubwa. Nikampa sweta la kijani ambalo dada alilipenda kuliko yote. Akasema ndaga, akashukuru kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, halafu akasema kijani hakimpendezi. Mwanamke mwenyewe kavaa kitenge cha kijani kuanzia kilemba mpaka chini! Binamu yetu akasema siku hizi amenenepa. Mwingine ana mzigo wa ndizi, atapita kesho. Mjomba aliliangalia koti kama lina nyoka mfukoni, wala hakuligusa.

Na wote hao walikuwa wamevaa mitumba. Nguo za watu wasiowajua, waliokufa kwa maradhi wasiyoyajua, walikuwa wakizigombania sokoni kwa viwiko. Za mtoto wao, nilizozichemsha kwa mikono yangu hii, ziliwashinda. Nilikasirika.

Mama hakukasirika. Alingoja wa mwisho aage, ndipo akaniuliza taratibu, "Hata moja?"

Nikaanza kuzikunja. Mimi nilikuwa nimechukua gauni, na yeye alijifunga khanga ya dada, lakini sisi wawili tungemtaja hata bila nguo.

Zile nyingine zilirudi kwenye mfuko. Baada ya wiki kadhaa nikazipeleka kwa wachuma chai, watu waliotoka wilaya za mbali, wasiomjua dada wala sisi. Walizipokea kwa mikono miwili, wakanibariki, mmoja akalivaa sweta la kijani palepale kwa ajili ya baridi. Hawakuuliza za nani, na mimi nikafunga mdomo, kwa kuwa ningesema wangezivua. Nimesikia watu wakisema ukitoa, moyo unakuwa mwepesi. Wangu haukuwa. Nilirudi na mfuko mtupu, nikamweleza mama, naye akauliza kama yupo hata mmoja aliyeambiwa jina. Nikasema hapana. Akaendelea kumenya ndizi, na tangu siku hiyo hakuzungumzia tena zile nguo mpaka alipofariki.

Mimi sasa sirundiki. Nina magauni machache. Likiingia jipya, la zamani linatoka kwenda kwa mwenye shida, nikiwa hai, nikimwona usoni anavyolivaa. Kanisani wananisifu, wanasema yule mama ameridhika na kidogo, na mchungaji aliwahi kunitolea mfano kwenye mahubiri. Kuridhika gani? Sitaki tu binti yangu aje akae mbele ya mkeka uliojaa nguo zangu, akingoja mtu anyooshe mkono.