Fundi wa Viti na Gari la Watu Saba

Saa moja asubuhi, fundi wa viti vya magari ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa karakana yake, anafumua. Wembe uko mkono wa kulia, mshono mkono wa kushoto, na uzi unatoka taratibu kama nywele kwenye kitana. Vifuniko anavyofumua ni vipya kabisa. Hakuna aliyewahi kuvikalia.

"Msinionee huruma," anasema bila kuinua macho. "Nimejishonea mwenyewe, acha nijifumulie mwenyewe."

Wateja humwita Mama Uzi. Ana miaka hamsini na miwili, na zaidi ya nusu ya umri huo ameumaliza akiwa ameinama ndani ya magari ya watu, akivivua viti vilivyochanika na kuvivika upya. Gari moja humchukua siku tatu. Mwenye gari akiwa mkali, siku mbili. La kwake hakuwa nalo.

"Magari ya mji huu nimeyakalia karibu yote," anasema, "ila yakiwa yamezimwa."

Nyumbani kwake ni watu saba: yeye, mumewe ambaye ni mwashi, watoto wanne, na mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima inamwita Bibi. Goti la Bibi limekuwa kaidi tangu alipoteleza bafuni. Tangu hapo, kila safari ya familia ilikuwa na mtu wa kubaki, na mtu huyo hakuhitaji kuchaguliwa.

"Nendeni tu," Bibi alikuwa akisema. "Nyumba haijilindi."

Alisema hivyo siku ya harusi ya mpwa wao. Alisema hivyo hata siku mjukuu wake wa kwanza alipohitimu. Wakirudi, walimkuta dirishani, chai ya moto ikiwasubiri kwenye chupa.

"Hakuwahi kununa hata mara moja," anasema Mama Uzi. "Angenuna, ningepata nafuu."

Kwa hiyo akiba yao ya miaka sita ilipofikia kiasi cha kununua gari lililotumika, yeye alikuwa na neno moja tu moyoni: wasimwache mtu. Bibi ana mdogo wake anayeishi mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa gari, na hawajaonana tangu goti liharibike.

Mumewe naye alikuwa na gari lake kichwani. Alitaka shangingi, yale magari makubwa ya juu, yenye matairi mapana, ambayo yakipita watu hugeuza shingo.

"Nimewajengea wenzangu maegesho mpaka mgongo umepinda," alimwambia mkewe. "Na mimi siku moja nifunguliwe geti, jamani."

Mama Uzi alimwelewa. Tena alimwelewa kupita kiasi. Kwa siri alichukua vipimo kwenye shangingi la mteja wake, akanunua ngozi bandia nyeusi, akashona vifuniko vya viti vyote, na kile cha dereva akakipitishia mishono miwili ya uzi mwekundu. Alitaka kumfurahisha mumewe. Alivisha viti vya gari ambalo halijanunuliwa.

Siku ya kununua walikwenda wote kwa teksi mbili, na Bibi alibembelezwa mpaka akakubali. Kwenye uwanja wa magari, bei moja ilikuwa na magari mawili yaliyoegeshwa ubavu kwa ubavu: shangingi jeusi linalong'aa, na vani ya kijivu ya safu tatu, yenye mlango wa kuteleza.

"Hiyo?" mumewe aliiangalia vani. "Majirani si wataniuliza nauli?"

"Mimi nitakuwa kondakta, baba," alisema binti yao mkubwa. "Usinikate mshahara tu."

Muuza magari, kijana mpole, alimletea Bibi kiti na kukiweka kivulini bila kuombwa. Mama Uzi hajamsahau kwa hilo. Bibi aliutazama uso wa mwanawe, akaona ulivyochangamka, akasema, "Jeusi ndilo zuri. Limefanana na mwanangu."

Mwashi akambeba mama yake kwa mikono miwili, akampandisha kwenye shangingi. Watu wakacheka kwa furaha, na Bibi akacheka nao. Lakini mkono wake mmoja ulishika pindo la gauni, ukalivuta chini ya magoti, na haukuliachia mpaka aliposhushwa.

Mama Uzi ana namna yake ya kazi. Kabla ya kugusa kiti chochote, humwomba mwenye gari apande na kushuka, naye huangalia mikono. "Gari likimsumbua mtu, mkono husema kabla ya mdomo," anaeleza. "Utaona unatafuta pa kushika."

Siku ile aliuona mkono. Alikwenda akautelezesha mlango wa vani, akarudi kusimama karibu na mumewe.

Bibi aliinuka na fimbo yake, akasogea, akageuka na kuketi, kisha akaingiza mguu mmoja na wa pili, kama mtu anayeketi kitandani kwake. Mkono uliobaki bure akautumia kuwaita.

"Mbona mmesimama? Twendeni."

Mwashi aliondoa mkono kwenye lile gari jeusi. Akapiga teke tairi la vani. Akauliza habari za injini, akajibiwa. Halafu akasema, "Mama watoto, tuchukue hii."

"Mume wangu hakushindwa na mtu," anasema Mama Uzi, na hapo ndipo anapoinua macho. "Aliona nilichokiona, na hakungoja kuambiwa. Namheshimu kwa hilo mpaka leo."

Majirani waliuliza nauli kweli. Mwashi huwajibu kuwa nauli ni kumsalimia mama yake kwanza.

Vifuniko alivigundua mwenyewe, vimekunjwa nyuma ya cherehani. Alivipapasa kwa vidole vyake vya saruji. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini huja kuketi hapa na kuishika ngozi ikazike, mkewe afumue vizuri.

Leo pia yuko. Ngozi ile itakatwa upya kwa vipimo vya vani. Kiti cha karibu na mlango kitapata sponji ngumu kidogo, maana laini humeza mtu na goti hupata taabu kuinuka. Ile mishono miwili myekundu inabaki kwa dereva.

"Dereva wangu naye ana hadhi yake," anasema Mama Uzi. Mumewe anatabasamu, macho chini.

Safari ya kwa mdogo wake Bibi ni shule zikifungwa. Bibi mwenyewe anatokea na chupa ya chai, anawamiminia, kisha anauliza kama aliyekumbuka jambo, "Sasa siku hiyo nyumba ataachiwa nani?"

"Kufuli, mama," anajibu mwashi. "Nimenunua kubwa."

Bibi anafunga chupa ya chai.

"Basi lile gauni langu la bluu lipigwe pasi."