Supu ya Vitunguu Siku ya Kupiga Pasi

Mama alikuwa hajala chochote cha maana karibu wiki nzima, na mimi nilikuwa nimechoka kumbembeleza. Uji alisema una mchanga. Ndizi alisema zinanuka. Omena, wale dagaa wa ziwani aliowauza kule Soweto West, Kibera, tangu akinibeba mgongoni, hakutaka hata kusikia wakitajwa. Kila nikimletea bakuli anageukia ukutani na kusema neno lile lile: nirudishe nyumbani.

Nyumbani ni Magharibi, kwa kaka yangu, ambako zahanati ni safari ya nusu siku. Alipofanyiwa upasuaji wa tumbo nilimtoa kwenye chumba chake cha Kibera nikamleta kwangu Kawangware ili awe karibu na daktari. Sasa alitaka kuondoka, na sikutaka aende. Mgonjwa wa kwetu akianza kuulizia nyumbani, kila mtu anajua anaulizia nini, ila hakuna anayelitamka neno lenyewe. Basi nikamwambia, "Mtu ambaye hajala hawezi kukaa kwenye basi kutwa nzima. Kula kwanza tuone una nguvu, ndiyo tuongee mambo ya safari." Nilisema hivyo ili anyamaze. Nilijua akianza kula atapona, na akipona atasahau.

Ndipo nikakumbuka ile sufuria ya stima. Niliachiwa na mama mmoja wa kigeni niliyempikia miaka kadhaa, siku alipofunga nyumba akarudi kwao. Ni chungu kizito cha udongo ndani ya kikapu cha chuma, unakichomeka kwenye soketi na kinapika polepole mpaka unasahau kwamba kuna kitu jikoni. Mama mzazi wa huyo mgeni aliwahi kuja kumtembelea, naye akiwa mgonjwa, mkavu kama kuni, na kitu pekee kilichopita kooni mwake kilikuwa supu ya vitunguu ya Kifaransa. Nilimpikia mpaka akaanza kuniomba chumvi. Kwa hiyo nilikuwa na imani na supu hiyo, imani ya mtu aliyeona kwa macho yake.

Shida ilikuwa stima. Kwenye ploti yetu, vyumba vya kupanga vya geti moja, stima iko ndani ya kodi, kwa hiyo keateka, mwangalizi wa ploti, anaizima asubuhi watu wakienda kazini na kuiwasha giza likiingia. Koili za kupikia na hita ni marufuku. Akikukuta nayo anaibeba. Siku pekee ambayo stima haizimwi ni Jumapili, kwa sababu ya pasi. Ploti nzima inaenda kanisani, na hakuna mtu wa kwetu anayeingia kanisani na nguo yenye mikunjo.

Jumamosi nilinunua vitunguu, vile vyekundu vidogo, ndoo ndogo nzima. Jumapili asubuhi na mapema nikakaa mlangoni kuvikata. Nilikata mpaka macho yakajifunga. Wakati mwingine kitunguu kinakusaidia, unalia na hakuna anayekuuliza kitu. Nikavitia kwenye chungu na siagi, chumvi, sukari kidogo ya kuvipa rangi, nikafunika, nikachomeka. Mama alikuwa ananiangalia kutoka kitandani.

"Nyama iko wapi?" akauliza.

"Haina nyama."

"Basi hiyo ni mboga ya nini, mama?" Huniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mamake.

Ploti haikuchelewa kunusa. Kwetu harufu ya kitunguu ni taarifa: inamaanisha baada ya muda mfupi kuna nyanya, halafu kuna nyama, halafu kuna mtoto wa jirani amesimama mlangoni bila sababu. Harufu yangu ilikaa hapo hapo kwenye kitunguu. Jirani wa mlango wa pili, mshonaji nguo mwenye mdomo, akapita na ndoo yake ya maji. "Sasa," akasema. "Hiyo nyama yako inatoka Magharibi kwa miguu?" Nikarudishia mfuniko.

Halafu stima ikapotea. Watu walikuwa wamechomeka pasi zao kwa wakati mmoja, na chungu changu juu yake, na swichi kubwa pale getini ikajizima. Ploti ikalalamika kwa lugha zote. Mtu mmoja alikuwa amenyoosha mguu mmoja wa suruali tu. Keateka, mzee wa kutoka kando ya ziwa, mkali kama pilipili, akarudisha swichi halafu akaanza kufuata harufu mlango kwa mlango mpaka kwangu. Akatazama chungu. Akamtazama mama pale kitandani, mabega yake yalivyobaki mifupa. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nikajikuta nasema tu, "Mzee, hajala."

Akanusa tena. "Acha hapo," akasema. "Lakini mtu akipiga pasi, unazima."

Na ndivyo ilivyokuwa asubuhi yote. Mtu anapaza sauti kutoka chumbani kwake, "Napiga pasi," nami nachomoa. Anasema, "Nimemaliza," nachomeka. Naketi. Mwingine anaita. Nainuka. Niliinuka na kuketi mpaka magoti yakaniuma, na wakati huo vitunguu vikipoa na kupata moto, vikipoa na kupata moto, vimekataa kubaki vibichi wala kuiva. Nilitamani kumwaga yote. Nilitamani kulala sakafuni mtu mwingine awe mtoto wa mama kwa siku moja.

Walipoondoka kwenda kanisani, ploti ikatulia. Hapo vitunguu vikaanza kukubali. Vikalainika, vikashuka nusu ya chungu, vikashika rangi ya chai ya rangi. Nikaenda kwa muuza supu pale kona nikachukua jagi ya supu ya mifupa, nikaimimina ndani, nikaacha tena mpaka watu wakarudi na kupika na kula. Jibini ambayo wageni huiweka juu ya supu hiyo nilimwachia mwenye nayo. Nilikausha mkate wa jana juu ya jiko, nikauweka kwenye bakuli, nikamimina supu juu, ukalowa ukawa laini hata kwa mtu asiye na meno.

Nilimwinua mama nikamwekea mto mgongoni. Nilitegemea ageukie ukutani. Akashika kijiko mwenyewe.

Akala. Kijiko kimoja, akapumzika. Kingine. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Yule mshonaji alichungulia mlangoni, akaona, akaondoka bila kusema neno, na kwake hilo si jambo dogo. Mimi nilikuwa nimeshika ubao wa kitanda kama mtu anayetazama penalti. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Nilikuwa tayari nawaza vitunguu vya Jumapili ijayo, na ile baada yake, na jinsi nitakavyomwomba keateka anipe saa moja zaidi katikati ya wiki. Mama akafikia chini ya bakuli, akaokota kipande cha mwisho cha mkate kwa vidole, akakimeza akiwa amefumba macho.

"Ni tamu?" nikamuuliza.

"Sijui, mama. Tangu zile dawa za hospitali sisikii ladha ya kitu."

 Kumbe kula kwake kote kulikuwa kazi tu.

Akanipa bakuli, tupu. "Ulisema nikila tutaongea mambo ya safari," akasema. "Nimekula. Basi la kwetu linaondoka saa ngapi?"

Nilitafuta uongo mwingine, sikuupata. Nikamwambia kuna la asubuhi na kuna la jioni.

"La asubuhi," akasema mama.