Nilimpelekea mama mkwe TV kwa wivu, sasa mwanangu hageuki akiitwa

Admin, jina langu usiliweke, maana mawifi zangu wote wamo humu na wanasoma mpaka komenti. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, fundi cherehani, naishi na mume wangu mtaa wa Manundu, hapa Korogwe. Tuna mtoto mmoja wa kike, anakaribia miaka mitatu.

Nashonea nyumbani. Mtoto na cherehani haviendi pamoja, anavuta nyuzi, anaokota pini atie mdomoni. Kwa hiyo tangu hajaanza kutambaa nikawa namkalisha mbele ya TV, nachomeka flashi ya katuni, ananyamaza. Jamani, ananyamaza kweli, mpaka wateja wakawa wananisifu nina mtoto mtulivu. Nami nikajiona mama hodari. Alipofika miaka miwili hakuwa na neno hata moja, hata mama hasemi, na ukimwita hageuki. Kliniki nesi akampima masikio, akasema yako sawa, akaniambia, "Mama, zima TV, ongea na mtoto." Niongee naye saa ngapi na nguo za watu zinangoja?

Mama mkwe wangu ni mkulima, anaishi kijijini Sindeni. Aliposikia akasema, "Mleteni kwangu. Ameshaacha ziwa, anangoja nini huko?" Kwao ndivyo wanavyofanya, mtoto akiachishwa ziwa huenda kukaa kwa bibi yake. Nikampeleka, na siwafichi, nilipumua.

Mume wangu akawa anakwenda kumwona, anarudi anacheka peke yake. "Mke wangu, mtoto anaongea! Kizigua, Kiswahili, anachanganya tu!" Nilifurahi kwa mdomo. Moyoni nilikuwa najiuliza, kwa nini kule na si kwangu?

Nikaenda mwenyewe. Niliwakuta uani wanapukuchua mahindi, bibi anasema, mtoto anajibu, bibi anamtania, "Wewe mke mwenzangu mvivu, punje zote unawapa kuku!" na mtoto anacheka mpaka anaanguka. Nikapiga hodi. Mwanangu akaniangalia, akajificha nyuma ya kanga ya bibi yake, akamwambia, "Mama, mgeni kaja."

Aliyeitwa mama ni mkwe wangu. Mgeni ni mimi niliyemzaa. Mama mkwe alimrekebisha palepale, "Huyu ndiye mama yako, mimi bibi," lakini lilikuwa limeshanichoma. Niliporudi Korogwe nilishindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Nilimwonea wivu mama wa watu, mzee mwenye heshima zake, kama vile kaninyang'anya mume.

Ndipo nikafanya jambo ambalo najua mtanitukana. Nilimwambia mume wangu, mama yuko kule hana hata burudani, tumpelekee TV yetu na sola ndogo. Mume wangu alinikumbatia. Mama mkwe alipoipokea alinishika mikono, akaniombea dua ndefu mbele ya majirani, nami naitikia amina huku najua nimepeleka nini. Flashi ya katuni niliichomeka mimi mwenyewe.

Wiki iliyopita nimekwenda tena. Uani hakuna mtu, mahindi yako kwenye gunia. Mtoto nimemkuta ndani, kakaa chini mbele ya TV, mdomo wazi. Nikamwita, hakugeuka. Bibi yake akamwita, "Mke mwenzangu, mama kaja." Hakugeuka. Mama mkwe akainamisha macho, akasema, "Mwanangu, nisamehe. Tangu kitu hiki kije haongei na mimi. Nikikizima analia mpaka anatapika, namwonea huruma. Labda mimi ndiye sijui kulea watoto wa siku hizi."

Yaani yeye ndiye ananiomba msamaha mimi! Na nitasema ukweli wote: kwa muda kidogo nilifurahi kwamba naye sasa haitwi mama. Halafu nikayatazama macho ya mwanangu, yaleyale niliyoyazoea hapa nyumbani. Nikaaga nikaondoka.

Sasa nimekwama. Kumnyang'anya mkwe zawadi aliyoipokea kwa dua, majirani wote wameona, ni kumvunjia heshima. Lazima nitoe sababu, na sababu ndiyo hiyo. Mume wangu akijua ataniangaliaje? Nikinyamaza, mtoto anarudi kuwa bubu. Na hata nikisema akaanza kuongea tena, najua wa kwanza kuitwa mama si mimi, na bado roho inaniuma nikiwaza hivyo.

Jana nilipiga simu, nikamwomba mama mkwe amwekee mtoto sikioni. Nilimwita jina lake, nikamwita tena. Nilisikia katuni tu zinacheka. Wenzangu, mlio na watoto na mlio na wakwe, nishikeni mkono, nianzie wapi? Maana hapa nilipofika, natamani aniite hata mgeni.